Somo: Kumwajiri msanidi programu wa kwanza katika kampuni changa

Ndugu zangu, kila wiki naulizwa faraghani jinsi ya kumpata msanidi programu, na kila mara najibu yale yale. Naandika mara moja, kwa wenzangu wa Tanzania wenye kampuni ya watu wawili au watatu.

Hatua ya 1. Andika katika ukurasa mmoja kile ambacho programu itafanya miezi mitatu ya mwanzo.

Hatua ya 2. Amua kama unahitaji mwajiriwa au mtu wa mkataba wa kazi maalumu, kwani malipo hufuata uamuzi huo.

Hatua ya 3. Mpe jaribio dogo linalotokana na kazi yenu, na umlipe. Mimi huuliza: taarifa ya malipo ya M-Pesa ikifika kwenye seva (kompyuta inayoendesha programu yenu) mara mbili, utazuiaje mteja asihesabiwe kuwa amelipa mara mbili?

Hatua ya 4. Umiliki. Hapa ndipo nilipokosea. Msanidi wetu wa kwanza alisajili jina la tovuti, akakodi seva na kuweka msimbo wote (maandishi yanayounda programu) kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, kwa barua pepe yake binafsi, kwa sababu nilimwambia afanye litakalokuwa rahisi. Alipopata kazi kwingine hakuwa na nia mbaya, lakini alibadilisha namba ya simu, seva ikazimwa kwa kukosa malipo, nasi tukakaa siku 11 tukipigiwa simu na wateja ilhali hatukuwa na njia ya kuingia. Kwa hiyo fungua akaunti hizo mwenyewe, kwa barua pepe ya kampuni, kabla hajaanza kazi, kisha umwalike. Msimbo uingizwe humo kila siku. Usikubali kukabidhiwa mwisho wa mradi. Aidha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, hivyo mkataba, hasa wa asiye mwajiriwa, utamke kwamba haki za kiuchumi (kama za kuinakili na kuiuza programu) zinahamia kwa kampuni. Usilipe awamu yoyote kabla hajatia saini.

Hatua ya 5. Muda wa majaribio uandikwe kwenye mkataba.

Maswali ya wanachama

Swali: Msanidi mzuri ni shilingi ngapi?
Jibu: Soma hatua ya 2. Hujasema unajenga nini.

Swali: Kushika akaunti zote si kumwonyesha kwamba humwamini?
Jibu: Hapana. Mhasibu hafungui akaunti ya benki ya kampuni kwa jina lake, wala haoni kuwa amevunjiwa heshima. Kutoifuata hatua ya 4 kulinigharimu wateja, sitaipunguza.

Swali: Mimi ni mfamasia na sijui kusoma msimbo. Nitajuaje kama jaribio limefanywa vizuri?
Jibu: Ahsante kwa kuuliza. Mlipe msanidi mzoefu asiyegombea nafasi hiyo akae nawe saa mbili. Wewe mwenyewe, mwombe mwombaji akueleze programu itazuiaje dawa iliyopita muda wake isiuzwe. Kisha kata intaneti katikati ya mauzo, andika tarehe isiyokuwepo, bonyeza kitufe mara tatu. Msikilize anavyolipokea kosa ulilolipata: anayefaa atataka kuona ulivyolipata, na atakueleza chanzo chake kwa maneno unayoyaelewa.

Mwanachama wa Nairobi: Naongezea, msiwape waombaji data halisi ya wateja. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.
Jibu: Umenena vyema. Kwetu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mimi hutengeneza orodha ya majina na namba za kubuni, nyingine zikianza na 0 na nyingine na 255, kwa sababu hapo mifumo mingi hushindwa kumtambua mteja yule yule.