Unanunua nyumba ya mteremkoni? Kagua kwanza ukuta unaozuia udongo

Nimejenga kuta za kuzuia udongo huku Kisumu kwa miaka mingi, nyingi zikiwa Riat, ukipanda barabara ya Kakamega kabla hujafika Kiboswa. Watu wanapapenda kwa sababu ya upepo na ziwa linaloonekana chini. Lakini ploti ya mlimani haikai tambarare yenyewe. Mtu aliukata mlima, akasimamisha ukuta, akajaza udongo nyuma, na nyumba unayoonyeshwa inategemea kazi hiyo. Wanunuzi hukagua vigae, jiko na mlango wa geti, kisha ukuta wanaupita kama ua. Ukuta ukianguka, kuujenga upya kunaweza kula pesa nyingi kuliko paa zima.

Beba vitu hivi: timazi (kamba yenye nati nzito mwishoni inatosha), tepu, waya mgumu wa urefu wa mita moja, tochi, kadi ya benki na simu yenye chaji.

Hatua ya 1: Pima kimo, kisha uulize ni ukuta wa namna gani

Pima kutoka ardhi ya chini hadi udongo wa juu unapoishia. Kimo kikiongezeka mara mbili, msukumo wa udongo huongezeka mara nne, na nguvu ya kuupindua ukuta mara nane. Kwa hiyo ukuta wa mita moja na wa mita mbili si ndugu kabisa.

Ukuta wa mawe unaosimama kwa uzito wake unahitaji kitako kipana, karibu nusu ya kimo chake au zaidi. Wa kongriti unahitaji vyuma na msingi unaoingia chini ya udongo wa nyuma. Ninachokikuta mara nyingi ni kitu cha tatu: ua wa kawaida wa bloku za inchi 6, ambao mwenye ploti aliujazia udongo nyuma ili apate uwanja wa kuegesha gari. Huo haukujengwa kuzuia chochote. Ukiuona umebeba udongo unaopita kiuno chako, hesabu kwamba utaujenga upya.

Hatua ya 2: Tafuta maji yanakopitia

Hapa usiwe na haraka. Kuta nyingi nilizoitwa kuziokoa ziliuawa na maji. Udongo uliojaa maji yasiyo na pa kutokea unaweza kuusukuma ukuta karibu mara mbili ya udongo mkavu. Ndiyo maana ukuta husimama kiangazi chote, ukaanguka usiku mmoja wa Aprili.

Ukuta mzuri una mabomba ya kutolea maji, yamepangwa kila mita moja na nusu hadi mbili hivi, na nyuma yake pana kokoto za kuchuja. Usiridhike kwa kuyaona tu. Ingiza waya wako ndani.

Mwalimu mmoja aliniita nimwangalizie nyumba Riat. Ukuta ulikuwa wa mita mbili na nusu, umepakwa rangi vizuri, mabomba yamenyooka kwenye mstari kama vifungo vya shati. Nikaingiza waya kwenye la kwanza, ukagonga bloku baada ya sentimita tano. La pili vilevile. Nikayajaribu yote kumi na moja.

"Mwalimu, haya ni mapambo," nikamwambia. "Yamekatwa vipande yakabandikwa kwenye lipu."

"Fundi, una hakika? Huyu mtu tunasali naye."

Nikampa waya ajaribu mwenyewe. Alijaribu matatu, akakaa kimya, akaenda kumpigia wakili wake. Sikufurahi siku hiyo, kwa sababu aliyeyabandika alijua vizuri kazi ya bomba lile ni nini.

Waya unapaswa kupita unene wote wa ukuta na kugusa kokoto. Ukikutana na tope laini, bomba limeziba, na hilo mara nyingine linasafishika. Tazama pia sehemu ya chini ya ukuta: unga mweupe kama chumvi, kuvu ya kijani na rangi iliyovimba ni dalili kwamba maji yanapenya kwenye ukuta wenyewe.

Ukiweza, rudi mvua ikishanyesha. Kisumu mvua kubwa hupiga jioni, basi nenda asubuhi yake. Mabomba yanayotiririsha maji safi yanafanya kazi. Yakitoa maji ya tope, udongo wa nyuma unahama, na shimo linachimbika mahali usipopaona.

Hatua ya 3: Shusha timazi

Shikilia kamba juu ya ukuta, ikiwa mbali na uso wake kwa sentimita tano. Nati ikitulia, pima nafasi chini. Ikiwa ni kubwa kuliko ya juu, ukuta umeelekea nje. Kuna kuta zilizojengwa kulalia udongo kwa makusudi, na hizo ni salama, lakini hakuna fundi anayejenga ukuta ukielekea kwa jirani. Ukuta wa mita mbili ukizidi sentimita mbili au tatu kuelekea nje, mimi naita mhandisi.

Pima ncha zote mbili na katikati. Katikati ikitokeza peke yake, ukuta umetoa tumbo, na tumbo halirudi ndani.

Hatua ya 4: Soma nyufa

Ufa mwembamba wa wima usioingia kadi ya benki mara nyingi ni saruji iliyokauka. Usikupe shida. Ufa wa kulala, hasa kwenye theluthi ya chini, ni mbaya: ukuta unakunjika. Ufa unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya bloku unaonyesha kwamba msingi umezama upande mmoja. Pitisha kidole juu ya ufa. Upande mmoja ukiwa umetokeza mbele ya mwingine, ukuta umeshasogea. Kingo safi zenye rangi ya saruji mbichi ni za ufa mpya. Na ukiona kipande kimoja tu kimepigwa lipu majuzi, uliza kilikuwa na nini.

Hatua ya 5: Panda juu

Tembea nyuma ya ukuta. Nyufa za ardhini zinazofuata mstari wa ukuta, uwanja uliodidimia, au veranda iliyoachana na nyumba, vyote vinasema udongo unashuka. Angalia gata za paa zinamwaga wapi. Angalia tangi: lenye lita 10,000 likijaa ni tani 10, na nimeona matangi yamewekwa hatua moja kutoka ukingoni. Shimo la maji machafu karibu na ukuta ni kosa lilelile, mvua au kiangazi.

Aina ya udongo nayo ina neno. Udongo mweusi wa nyanda za Kano huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo haufai kujazwa nyuma ya ukuta. Kwa wanaonunua Nakuru, kwenye miteremko ya Menengai, udongo wa majivu ya volkano huchukuliwa na maji upesi, na pande zile ardhi yenyewe imewahi kupasuka baada ya mvua kubwa. Huko chunguza misingi na mitaro kuliko nyufa za lipu.

Hatua ya 6: Karatasi na pesa

Omba ramani ya ukuta iliyotiwa sahihi na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, pamoja na idhini ya kaunti. Mpimaji akuonyeshe bikoni, yaani alama za mpaka wa ploti, maana ukuta ukiwa ndani ya ploti ya jirani, huwezi kuugusa bila yeye. Ukiwa wako na nyumba ya jirani iko chini yake, ujue ukianguka utamwangukia nani.

Malipo ya kwanza kwa kawaida huwa asilimia 10. Ukiona dalili yoyote kati ya hizi, ripoti ya mhandisi iwe mkononi mwako kabla hujayatoa, na wakili aandike kwenye mkataba nani ataurekebisha ukuta, kwa gharama ya nani, na kabla ya tarehe gani.