Mtoto anakwenda kumalizia sekondari Marekani? Anzeni huku huku Mwanza

Nafundisha Kiingereza sekondari, upande wa Ilemela, na jioni nina tuisheni nyumbani. Wazazi wananiletea watoto wa aina moja: baba yuko Marekani, viza imetoka, mtoto yuko Kidato cha Pili au cha Tatu. "Mwalimu, tunoee huyu Kiingereza." Nitamnoa, ila kwanza nauliza makaratasi.

Shule za kule zinahesabu krediti, yaani pointi anazopata mwanafunzi kwa kila somo alilomaliza, somo kwa somo, mwaka kwa mwaka. Matokeo ya NECTA yanaonyesha mtihani tu. Nendeni kwa mwalimu wa taaluma mchukue ripoti za kila muhula tangu Kidato cha Kwanza, zigongwe mhuri wa shule. Bila hizo kijana wa miaka 17 anaweza kuanzishwa darasa la tisa na watoto wa miaka 14. Bebeni cheti cha kuzaliwa na ile kadi ya kliniki iliyopotelea kabatini, maana chanjo wataziulizia. Kuhusu uhamiaji msihangaike: tangu hukumu ya Plyler, ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa kukosa vibali.

Siku ya kuandikishwa kuna fomu inayouliza lugha ya nyumbani. Hapo ndipo wengine hujifanya, wanajaza Kiingereza ili mtoto asionekane mshamba. Jazeni Kiswahili, na Kisukuma kama ndicho mnachoongea na bibi. Jibu hilo ndilo linalompeleka kwenye mtihani wa kupima Kiingereza. Majimbo mengi yanatumia wa WIDA, muungano wa majimbo wenye mitihani ya pamoja ya Kiingereza. New York na California wana mitihani yao. Akionekana anahitaji msaada, shule inawajibika kumsaidia. Kesi ya Lau ya mwaka 1974, ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, kwenye mahakama ile ile, ilishalimaliza hilo.

Mtihani unapima kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea, na watoto wetu wameegemea upande mmoja. Binti ninayemfundisha sasa anakuchorea jicho na kuandika sehemu zake zote kwa Kiingereza bila kukosea herufi. Mwambie aombe kuazima kalamu, anainamisha kichwa. Kwa hiyo namtuma Mwaloni, Kirumba, akaangalie dagaa wanavyopimwa na kufungwa kwenye magunia. Akirudi ananisimulia kwa Kiingereza dakika mbili, namrekodi kwenye simu, anajisikiliza, anasimulia tena. Mara ya kwanza ni "eeh" tupu. Mara ya tatu mpaka ugomvi wa wachuuzi unaingia. Kukariri hotuba ya kujitambulisha sikuruhusu. Swali la pili tu linamwumbua.

Mkifika, ulizeni kama wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za eneo lenu, ina programu ya wageni wapya. Nyingine ni darasa la muda, kisha mtoto anahamia kwa wenzake. Nyingine ni shule nzima, kama ile iliyofunguliwa mwaka 1985 kwenye chuo cha LaGuardia, New York, au Oakland International ya mwaka 2007. Huko hesabu na historia zinafundishwa pamoja na Kiingereza, hakuna kusubiri lugha ikomae kwanza. Mimi ningechagua hiyo kwa anayeingia akiwa mkubwa, kwa sababu muda wake ni mfupi. Kule New York kijana ana haki ya kusoma mpaka mwisho wa mwaka wa shule anaotimiza miaka 21.

Kwenye vikao vya wazazi ombeni mkalimani wa Kiswahili. Mtoto asimtafsirie baba yake ripoti yake mwenyewe, mnajua atakavyoitafsiri.