Somo: Kubadilisha au kukuza kirungu cha mpini wa bolti (bunduki za Remington 700, Tikka, Savage)

Kila mwaka majani yakianza kupukutika huku Minnesota, simu zinaanza. Swali ni lile lile: kirungu cha bolti ni kidogo, glavu zinateleza, nifanyeje? Nimeshajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa picha, hadi nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Bolti ni kile chuma kinachofunga chemba, yaani tundu linalokaa risasi. Kirungu ni lile donge la mwisho wa mpini, pale kiganja kinaposhika kuinua bolti. Vingi vya kiwandani vinatosha mkono mtupu. Novemba, ukiwa na glavu nene na vidole vimekufa ganzi, havitoshi. Na kulungu uliyemjeruhi hasubiri utafute mpini. Ukishamfyatulia mnyama una deni la kummaliza upesi, na risasi ya pili inategemea mkono wako kuikuta bolti bila kutazama. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kazi hii. Mambo ya kupendeza kwenye picha hayanihusu.

Kwanza jua bunduki yako. Wengi mnakimbilia msumeno bila sababu.

Tikka T3 na T3x: usikate chochote. Mpini umechomekwa kwenye mfereji wa bolti na unashikiliwa na pini ya kufyatulia inayopita katikati yake. Zungusha kofia ya nyuma, toa pini na springi yake, mpini unateleza nje. Ingiza mpini mpya wenye kirungu kikubwa, rudisha pini, umemaliza.

Savage 110: nayo mpini wake unatoka. Fungua parafujo kubwa ya nyuma ya bolti, toa vipande kwa mpangilio, piga picha kila hatua ili ujue vinavyorudi.

Mauser 98 na ndugu zake: mpini na bolti ni chuma kimoja. Mpelekee fundi wa silaha.

Remington 700: mpini ni kipande cha pekee kilichounganishwa na mwili wa bolti kwa kuchomelea kwa madini ya fedha. Hautoki. Hapa ndipo unakata kirungu cha zamani, unachonga hesi (nyuzi za skrubu) kwenye kisiki, unafunga kipya. Hatua zilizobaki ni za bunduki hii.

Hatua ya 1. Toa risasi zote, tazama chemba kwa macho, ingiza kidole, kisha risasi zipeleke chumba kingine.

Hatua ya 2. Toa bolti. Bunduki irudi kabatini, utaihitaji tena hatua ya 4 tu.

Hatua ya 3. Toa pini ya kufyatulia. Kwenye kipande cha nyuma kinachovutwa na springi kuna mwanya mdogo. Kivute nyuma dhidi ya ukingo wa meza, chomeka sarafu kwenye huo mwanya, kisha kofia utaizungusha kwa mkono hadi itoke.

Hatua ya 4. Jaribu ukubwa kabla ya kununua. Chukua udongo wa kuchezea watoto, ufinyange kwenye mpini uwe na ukubwa wa kirungu unachokitaka. Rudisha bolti kwenye bunduki tupu yenye darubini yake. Inua taratibu. Udongo ukigusa jicho la darubini utaona alama. Funga, weka mkono kwenye triga: je, udongo unagusa kifundo cha kidole cha kati? Bunduki ikirudi nyuma, hicho kifundo ndicho kitakachopigwa. Punguza udongo mpaka usiguse popote, upime kwa kalipa. Hicho ndicho kipimo cha kununua. Chagua alumini au plastiki ngumu. Chuma kizito kinauongezea mpini uzito ukiwa unatembea vichakani, na Remington 700 za tangu 1982 sefti yake haifungi bolti, kwa hiyo tawi likinasa kirungu, bolti inaweza kuinuka hata sefti ikiwa imewekwa.

Hatua ya 5. Pima kina cha tundu la kirungu kipya, weka alama kwenye mpini, kata kwa msumeno wa chuma. Acha kisiki kifupi kidogo kuliko kina cha tundu.

Hatua ya 6. Punguza unene wa kisiki kiwe kati ya milimita 7.8 na 7.9, duara kamili. Mwenye mashine ya kukereza atumie hiyo. Asiye nayo anunue jigi ya kukatia inayobana mpini na kuongoza kikatio. Tupa peke yake haikupi duara, hata ukiwa na mkono mzuri namna gani.

Hatua ya 7. Kukata hesi. Soma mara mbili. Bolti nyingi zinazoletwa kwangu zimeharibikia hapa. Hesi inayotumika kwenye virungu vya Remington ni 5/16-24, yaani kipenyo cha inchi 5/16, ambacho ni milimita 7.94, na nyuzi 24 kwa kila inchi. Kuna virungu vyenye hesi ya M8 ya milimita 1.25, na kwa macho vinafanana kabisa. Vinaingia mzunguko mmoja au miwili halafu vinakaza. Ukisukuma kwa koleo umeharibu vyote viwili. Soma maandishi ya kifurushi kabla ya kununua dai, yaani kifaa cha kukatia hesi.

Sasa namna ya kubana. Usibane mwili wa bolti kwenye jiliwa ukazungusha dai kwenye mpini. Nguvu yote ya kuzungusha inapita kwenye ule muungano wa kuchomelea, na muungano huo ndio udhaifu unaojulikana wa bunduki hii. Bana mpini wenyewe, karibu na kisiki, kwa vipande vya alumini au ngozi nene, mwili wa bolti uning'inie bure. Hapo nguvu inaishia kwenye jiliwa, muungano haujui kinachoendelea.

Chonga ncha ya kisiki iwe na mteremko ili dai ianze sawa. Upande wa dai wenye mdomo mpana ndio unaotangulia. Tumia kiongozi cha dai, kwa sababu hesi ikianza upande, kirungu kitakaa upande maisha yake yote. Tia mafuta ya kukatia. Zungusha nusu mbele, robo nyuma, vunja kinyweleo cha chuma, endelea. Ukisikia inalia au inakaza, rudi nyuma, safisha, tia mafuta. Ukifika mwisho, geuza dai upande wa pili uzungushe tena ili hesi ifike hadi bega, la sivyo kirungu kitabaki na pengo.

Na moto usiwepo kabisa. Hakuna gesi, hakuna kupasha "kidogo tu". Grainda pia iache. Tupa na msumeno vinatosha.

Hatua ya 8. Safisha mafuta yote kwenye hesi, tia tone la Loctite ya bluu (gundi ya kuzuia hesi isilegee), kaza kwa mkono, acha usiku mzima. Nyekundu usitumie, maana kuitoa kunahitaji moto, na moto tumeshaukataa.

Hatua ya 9. Rudisha pini, jaribu kwa risasi za bandia: kufunga, kufyatua, kutoa. Kisha nenda uwanja wa shabaha kabla ya kwenda porini.

---

MASWALI

Kijana wa Omaha: Mkuu nina Tikka T3x. Nimeshakata kirungu, sasa hesi ni ya ngapi?

Fundi: Tikka nimeiandika ya kwanza kabisa, na nimesema usikate. Nunua mpini mzima wa kuchomeka.

Kijana wa Omaha: Sikuona. Lakini si ningeweza tu kuchonga hesi kwenye huu?

Fundi: Unaweza. Utatumia jigi, dai na siku nzima kwa kitu kinachobadilishwa bila hata bisibisi. Nunua mpini.

Mama Neema, Alberta: Shikamoo fundi. Nimesoma mara mbili kama ulivyosema. Swali langu: ule muungano ukiachia, kwa nini nisiurudishe mwenyewe kwa gundi kali? Mpini si wa kuinulia tu?

Fundi: Marahaba dada, swali zuri. Mpini una kazi ya pili ambayo wengi hawaioni. Inua bolti polepole utazame shina la mpini linapokutana na nyuma ya risiva, yaani mwili wa bunduki unaobeba bolti. Pale pamechongwa mteremko. Shina likipanda kwenye huo mteremko, bolti inarudi nyuma kidogo sana lakini kwa nguvu nyingi, na hiyo nguvu ndiyo inayobandua ganda lililojikaza kwenye chemba. Kuvuta nyuma kwa mkono kunakuja baadaye, kulitoa tu. Sasa mpini ukirudishwa mbele au nyuma ya mahali pake kwa unene wa kadi, mteremko hauushiki vizuri. Utafyatua, ganda litabaki, utapiga bolti kwa kiganja. Fundi mwenye jigi anaupima huo mgusano kabla ya kuchomelea. Ndiyo maana nasisitiza muungano usiguswe.

Mama Neema, Alberta: Nimetazama, nimeuona. Basi kirungu kikubwa nacho kinasaidia pale pale, kwa kuwa mkono unapata nguvu?

Fundi: Hasa. Na ndiyo maana wenye Tikka wanakipenda zaidi. Bolti ya Tikka inainuka nyuzi 70, ya Remington nyuzi 90. Mwinuko mfupi unakupa nafasi zaidi chini ya darubini, lakini kazi ile ile ya kuikoki springi (kuibana tayari kwa kufyatua) inafanyika kwa safari fupi, kwa hiyo inakuwa nzito zaidi mkononi.

Mzee wa Longido: Fundi, mimi niko Arusha, nafanya kazi na kampuni ya uwindaji. Tuna Mauser ya .375 H&H, mpini mfupi. Kijana wa gereji anasema atauongeza kwa kuchomelea. Unasemaje?

Fundi: Mzee wangu, hapana. Kwenye Mauser 98 kuna jino la tatu la usalama nyuma ya bolti, karibu kabisa na shina la mpini, na pale pale kuna mteremko unaokoki pini. Mchomeleaji wa geti akileta joto lake, chuma kitalainika. Mteremko ukilainika utaanza kukwaruzika na bolti itakuwa nzito kuinua, na hiyo ni bunduki ya nyati. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya silaha, anayeweka kipozea joto ndani ya bolti na vitambaa vibichi nje. Kama yuko mbali, kivalishe kirungu mpira wa kuongeza ukubwa na ufanye mazoezi mengi na bunduki tupu.

Mzee wa Longido: Nimekuelewa. Kijana nimemwambia aache.

Juma wa Tampere: Huo mpira wa kuvalisha unafaa kwenye baridi? Halafu huku Ufini naruhusiwa kumwachia rafiki bolti anichongee?

Fundi: Mpira unafaa kama umebana. Safisha kirungu kwa spiriti kwanza, kikiwa na mafuta utazunguka mkononi. Kuhusu sheria: katika sheria ya Umoja wa Ulaya bolti ni sehemu muhimu ya silaha, sawa na mtutu na risiva. Usimwachie mtu asiye na kibali. Waulize polisi wa eneo lako kabla, si baada.

Bwana Shabaha: Nimefuata hatua zote kwenye 700 ila kirungu kinalegea.

Fundi: Ulisafisha mafuta kwenye hesi kabla ya Loctite?

Bwana Shabaha: Nilifuta na kitambaa.

Fundi: Kufuta hakutoshi. Hatua ya 8. Spiriti, brashi, ndani ya tundu pia.

Mama Neema, Alberta: Fundi samahani, nje ya mada kidogo. Mwaka jana kwenye baridi kali bunduki ililia "tik" tu, risasi ina alama hafifu. Ni pini?

Fundi: Mara nyingi ni grisi. Grisi nzito ndani ya bolti ikiganda, pini inakwenda polepole na kugonga dhaifu. Kwa kuwa umeshajifunza kuitoa, ioshe pini, springi na ndani ya bolti kwa kiyeyushi, kausha, rudisha ikiwa kavu au na ukungu tu wa mafuta mepesi. Meno ya bolti ndiyo yanayohitaji grisi, na kidogo sana.

Juma wa Tampere: Naongezea: ukirudi kwenye kibanda chenye moto usiitoe bunduki kwenye mfuko wake mara moja. Unyevu unajaa ndani, asubuhi ukitoka unaganda.

Fundi: Kweli kabisa. Iache ndani ya mfuko mpaka ipate joto la chumba, au iache nje mahali palipofungwa kwa kufuli. Na toa bolti uikaushe kivyake.