Ginsi ya kufuata muchezaji wa tenisi mwenye anaanza, ukiwa Bukavu na mega kidogo (tutamutumia Jamrichová wa Slovakia)

Bandugu, mwezi wa saba 2024 nilipoteza kreti nzima ya Fanta juu ya mutoto wa miaka 17 mwenye hata hanijue. Anaitwa Renáta Jamrichová, wa Slovakia, muzaliwa wa Trnava. Alikuwa ametoka kushinda Wimbledon ya bajuniori, na mu mwezi wa kwanza ya ule mwaka alikuwa amesha kubeba Australian Open ya bajuniori, 6-4 6-1 ku finali, sasa mimi pale Nyawera penye tunachajishaka matelefone nikasimama mbele ya batu nikasema: mbele ya Noeli uyu ataingia mu kumi ba kwanza ba dunia. Yaya (kaka mukubwa) moja mwenye anatengenezaka matelefone pale akasema tu "weka kreti". Noeli ikafika, nikalipa.

Kitu yenye iliniuma si Fanta. Mimi nilikuwaka ramasere, miaka mine nzima nimeokota mabalo ku tereni ya tenisi, nilipashwa kujua. Mu mji wetu mutu anajua Muungano na Dawa, ma ekipi ya mupira wa miguu, tenisi ni mambo ya batu ba Labotte, kule kwa batajiri, kwa hiyo hakuna mwenye anakufundisha kusoma mwanzo wa muchezaji, unaona kombe unafikiri amefika. Njo maana naandika hii, ile yenye nilijifunza nyuma ya kulipa.

Kwanza jina, juu bengine banashindwa hata kumupata mu telefone. Majina ya Slovakia iko na alama juu ya maherufi, usiteseke nazo, andika tu Jamrichova bila kitu, itatokea. Kusoma: J yabo ni Y, na ch yabo inatoka mu koo kama h nzito, doke ni "Yamrihova". Š ni sh, č ni ch ya kwetu, c peke yake ni ts, kwa hiyo ule Cibulková mwenye batu banaitaka "Sibulkova" ni "Tsibulkova". Ile -ová ya mwisho ni ya banamuke, usifikiri bote ni ba ndugu moja. Na uangalie ndoa! Kuko binti moja nilimufuataka, Viktória Kužmová, alifika finali ya US Open ya bajuniori 2016, kiisha siku moja nikaona jina limepotea ku orodha, nikasema ameacha tenisi, pole yake. Kumbe aliolewa tu. Sasa ni Hrunčáková, na mu mwezi wa kumi na moja 2024 alikuwa mu ekipi ya Slovakia yenye ilifika finali ya Billie Jean King Cup, kombe ya ma ekipi ya nchi ya banamuke, kule Málaga, Italia njo ikabapiga. Jina likipotea, tafuta na tarehe ya kuzaliwa. Ya Jamrichová ni 7 juni 2007, iandike, itakusaidia tena hapa chini.

Sasa kosa langu lenyewe. Tenisi iko na ngazi mbili na hazijaungana. Ile ya bajuniori iko chini ya ITF (shirikisho ya tenisi ya dunia), mutu anaweza kuwa namba moja ya dunia kule, lakini poenti zake hazivuke kwenda ku klasema (orodha ya nafasi) ya bakubwa, ile ya WTA, chama ya tenisi ya banamuke. Ni kama exetat, mutihani wa kumaliza sekondari. Umepata 80, mutaa wote umeimba, umejipaka poda, haya, lundi (jumatatu) yenye inafuata nani amekupa kazi? Diplome inakufungulia mulango fulani, ndiyo, juu turnua (mashindano) ndogo za bakubwa zinabakishiaka bajuniori ba juu nafasi kidogo, lakini kule ndani unaanza na sifuri.

Angalia Baslovakia benyewe utaelewa. Anna Karolína Schmiedlová alifika finali ya bajuniori ku Roland Garros 2012. Kombe yake ya kwanza ya WTA ilikuja 2015, Katowice. Na ile siku batu bengi balimujua, ku Olimpiki ya Paris wakati alifika nusu finali, ilikuwa 2024. Hesabu miaka. Tena kuko Dominika Cibulková, mita 1 na sentimeta 61, hakuna Grand Slam (zile turnua ine kubwa za dunia) ya bajuniori alishindaka peke yake, lakini 2014 alicheza finali ya Australian Open ya bakubwa kabisa, na 2016 akabeba WTA Finals, turnua ya kufunga mwaka, kule Singapore. Kombe ya bajuniori inakuambia huyu mutoto anajua kucheza, lakini siku ya kufika haikuambie. Hata jirani yetu wa Kenya, Angella Okutoyi, alishinda Wimbledon ya bajuniori ya babili babili 2022, na nyuma ya pale ikabidi arudi ku turnua ndogo ndogo kama bengine.

Basi uangalie nini? Angalia namba yenye inakuwaka nyuma ya W. Hii njo siri yote na ni rahisi kuliko batu banafikiri. Turnua ndogo za banamuke zinaitwa W15, W35, W50, W75, W100. Tangu 2024 ile namba njo poenti zenye mushindi anabeba. W35, unashinda, poenti 35. Juu yake kuko WTA 125, 250, 500, 1000, na pale pia namba ni poenti za mushindi. Grand Slam ni 2000. Sasa chukua kalamu: W35 ya kawaida unashinda mechi tano kusudi ubebe zile 35. Mutu akitaka kufikisha 350 kwa njia hiyo peke yake, ni kubeba kombe kumi, mechi 50 bila kupoteza hata moja. Na mutu mwenye anaingia tu mu tablo kubwa (turnua yenyewe, nyuma ya muchujo) ya Grand Slam, apigwe siku ya kwanza, arudi hoteli, anapewa poenti 10. Ukiona hii hesabu unaacha kuuliza "mbona hapandi". (Kwa banaume ni M15 na M25, kiisha Challenger, ngazi yenye inafuata. Kigali kuko Challenger tangu 2024, mwenye anaweza kufika kule anaweza kuona kwa macho yake, mimi sijafika.)

Kiisha poenti ni kama sambaza, zile samaki ndogo za Ziwa Kivu, haziwekwe. Nyuma ya wiki 52 zinaoza, zinatoka. Doke kama muchezaji alishinda turnua mu mwezi wa tano mwaka jana, mwezi wa tano ya mwaka huu zile poenti zinaanguka hata akiwa amelala nyumbani na mafua, mupaka alete zingine. Unaweza kuona mutu ameshinda mechi mbili hii wiki na klasema yake imeshuka nafasi 40, batu banapiga kelele "banamuiba", hapana, hakuna mwizi, ni sambaza za mwaka jana. Klasema inabadilikaka lundi. Na kusudi jina la mutoto litokee mara ya kwanza, anapashwa kupata poenti mu turnua tatu, ao afikishe poenti 10. Kwa hiyo usishangae ukimutafuta ukamukosa.

Miaka nayo. Mbele ya 18 muchezaji mwanamuke haruhusiwe kucheza turnua za bakubwa anavyotaka, kuko hesabu ya mwaka kufuatana na miaka yake, na chini ya 14 hapana kabisa. Baliweka hii sheria mu miaka ya 1990 juu batoto balikuwa banachoka vibaya, mwili na kichwa. Sasa rudi ku ile tarehe nilikuambia uandike: Jamrichová alifika 18 mu juni 2025. Ile Noeli ya Fanta yangu alikuwa bado na 17, yaani hata angetaka kukimbia turnua zote za dunia njia ilikuwa imefungwa nusu. Yaya wa matelefone hakujua hii sheria, alikuwa na bahati tu, lakini Fanta alikunywa.

Kitu ingine yenye hakuna mutu anakuambiaka: nchi. Ku zile finali zote mbili za 2024, Melbourne na Wimbledon, mwenye alipigwa na Jamrichová ni mutoto moja, Emerson Jones wa Australia. Mara mbili! Lakini mwezi wa kwanza 2025 njo Jones mwenye tuliona ku tablo kubwa, alipewa waild kadi (nafasi ya kualikwa) Adelaide akashinda mechi ya kwanza juu ya Wang Xinyu, akapewa ingine Australian Open, kule akakutana na Rybakina, akapigwa 6-1 6-1. Juu ya nini? Kwabo kuko Grand Slam, na mwenye nyumba anagawa chakula yake. Slovakia ni nchi ya batu kama milioni 5 na nusu, Kinshasa peke yake inaipita mara mbili na zaidi, Grand Slam haina. Mutoto wa kule anapitia mulango wa nyuma, kalifikasyo (muchujo): batu 128 banaingia, mechi tatu, banabaki 16. Kwa hiyo ukifungua tablo angalia herufi kando ya jina. Q ni mwenye alipita kalifikasyo, ameshatoka jasho. WC ni mwenye alialikwa. LL alipoteza kalifikasyo lakini mutu mwingine akafanya forfe (akajitoa), njo yeye akaitwa. Mimi Q moja naiheshimu kuliko WC tatu, lakini ile ni roho ya ramasere.

Masaa. Siye tuko mbele ya Slovakia saa moja wakati wa baridi yabo, na mu kiangazi chabo tuko na saa ile ile. Wimbledon, mechi zenye zinaanza saa tano ya asubui kwabo, hapa ni saa sita ya muchana, umeme ukiwa. New York saa tano ya asubui ni saa kumi na moja ya mangaribi. Melbourne njo mateso, saa tano yabo ni saa nane ya usiku kwetu, weka telefone ku chaji mbele ya kulala. Na usifungue video! Mega 500 zinaisha mbele seti haijaisha. Fungua skoa tu ku tovuti ya ITF ao ya WTA, ni maandishi, inakula kidogo sana, mimi nafuata mechi nzima na rezo (mutandao) ya kuhema hema kule juu Kadutu.

Kusoma skoa bila kuona picha, hiyo inaomba daftari. Yangu ni ya shule, ya mustari, nimegawa: tarehe, turnua na namba yake, tereni ni ya namna gani, adui iko wa ngapi, skoa. Ile sehemu ya adui usiiache hata siku moja. 6-2 6-2 juu ya mutu wa 900 haina kitu, lakini kupoteza 6-7 6-4 5-7 juu ya mutu wa 120, zungushia kalamu nyekundu, pale kuko habari. Mimi naangaliaka seti ya tatu. Coach moja muzee, wakati nikiwa ramasere, alikuwa ananiambia niache kuangalia balo, niangalie miguu ya mutu nyuma ya kupoteza seti ya kwanza: kama anatembea kwenda kuchukua taulo ao anajivuta. Mu telefone miguu haionekane, lakini 4-6 6-3 6-1 zikifuatana mara tatu kwa mwezi, umeiona.

Andika tereni pia, usizarau. Hapa Bukavu tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, balo mupya ukifungua mukebe ikipiga ile "psss" inaruka mupaka ku ukuta, bageni banapiga nje, nje, nje, banakasirika, na siye ramasere tunacheka pole pole. Kiisha nyuma ya mwezi ule ule mubalo umebaki upara, umekunywa mvua na vumbi nyekundu, hauruke tena, njo tunapewaka siye. Basi mutu mwenye anacheza vizuri ndani ya nyumba mu baridi anaweza kupoteza wiki tatu mfululizo ku vumbi, na hakuna kitu imeharibika kwake.

Pari (kubeti): kwa hizi turnua ndogo, hapana. Fanta inatosha. Kuko shirika la ITIA kazi yake ni kukamata bachezaji benye banauza mechi, na bengi benye banafungiwaka ni ba kule chini, juu kule chini franga ya kupoteza siku ya kwanza haitoshe hata tiketi ya kurudi. Wewe wa Bukavu utajua aje nani amelipwa?

Mimi sasa nimeanzisha ukurasa mupya. Mia Pohánková, Slovakia tena, amebeba Wimbledon ya bajuniori 2025, 6-3 6-1, mwaka mumoja tu nyuma ya Jamrichová. Yaya wa matelefone aliona habari mbele yangu, akanipigia asubui asubui: "ramasere, uyu ataingia kumi ba kwanza mbele ya Noeli, si ndiyo? Leta kreti." Nikamwambia niko nafungua daftari, anipigie nyuma ya miaka mine.