Namna ya Kujikinga Juu ya Pikipiki: Kuanzia Kofia Ngumu hadi Breki ya Mbele

Ni nadra mwenye pikipiki kuwa na fedha ya kununua vifaa vyote vya kinga kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana mpangilio wa ununuzi una uzito kuliko orodha yenyewe. Mpangilio ninaoupendekeza unaanza na kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria, ukifuatiwa na viatu, glovu, koti, na mwisho kinga za magoti na viwiko. Anayevaa koti zuri la ngozi huku kichwani ameweka kofia ya bei ya chini kuliko zote sokoni amejipamba tu. Maelezo haya yanamlenga zaidi dereva wa bodaboda wa Tanzania anayeshinda barabarani kutwa nzima, ingawa mengi yanamfaa pia anayetumia pikipiki kwenda kazini na kurudi.

Kofia ngumu na jinsi ya kuichagua

Kofia ngumu ina tabaka tatu. Gamba la nje, ambalo kwa kofia nyingi ni plastiki ngumu na kwa zile za bei kubwa ni nyuzi za kioo au kaboni, huzuia kitu chenye ncha kisipenye na hutawanya nguvu ya pigo kwenye eneo pana. Chini yake kuna povu gumu, la aina ileile inayofungiwa televisheni ndani ya boksi, na hilo ndilo linaloukinga ubongo, kwa sababu hubonyea wakati wa pigo na kukipa kichwa nafasi ya kupunguza mwendo badala ya kusimama ghafla. Tabaka la ndani kabisa ni sponji na kitambaa, ambavyo kazi yake ni kuifanya kofia ikae vizuri kichwani. Wanunuzi wengi hubonyeza sponji hiyo, wakaiona laini, wakaridhika. Kinachotakiwa ni kuifunua sponji na kutazama kama povu gumu lipo na kama limezunguka kichwa chote hadi pembeni mwa masikio. Zipo kofia zinazouzwa zikiwa na sponji tupu ndani ya gamba la plastiki. Mbele ya askari wa trafiki zinaweza kupita, lakini juu ya lami hazina msaada.

Baada ya povu, tafuta alama ya ubora. Kofia zilizopimwa kwa Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali, na alama hiyo hushonwa kwenye lebo ya mkanda wa kidevu. Namba ya kibali ikianza na 05, kofia ilipimwa kwa toleo la zamani la kanuni. Ikianza na 06, ilipimwa kwa toleo jipya, ambalo limeongeza vipimo vya pigo la mshazari, yaani pigo linalokizungusha kichwa. Stika iliyobandikwa nyuma ya kofia isikupumbaze, kwani yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuitengeneza. Hata lebo iliyoshonwa huweza kughushiwa, kwa hiyo isome pamoja na ukaguzi wa povu, usiitegemee peke yake.

Ukubwa wa kofia hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani, ukizungushwa juu kidogo ya nyusi na kupita sehemu ya kisogo iliyochomoza zaidi. Kwa viwanda vingi, sentimita 57 hadi 58 ni saizi M, ingawa kila kiwanda kina jedwali lake. Ukishaivaa, mashavu yabanwe kidogo, paji la uso lisiume, na ukitikisa kichwa kofia itikisike pamoja nacho badala ya kucheza peke yake. Kisha funga mkanda, shika ukingo wa nyuma wa kofia, uisukume kwenda mbele kwa nguvu. Ikivuka paji la uso na kutoka, hiyo si ya kwako hata kama rangi yake imekupendeza. Kofia mpya iliyo huru tangu dukani itazidi kulegea sponji ikizoea kichwa, hivyo kati ya saizi mbili chagua ile inayobana kidogo.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2008 ulikadiria kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ili kofia ifanye kazi hiyo ni lazima ibaki kichwani, na itabaki ikiwa mkanda umefungwa kiasi kwamba vidole viwili tu ndivyo vinavyopenya kati yake na kidevu. Mkanda unaoning'inia, kofia iliyopandishwa juu ya paji la uso, na simu iliyochomekwa kati ya kofia na shavu ili dereva aendelee na mazungumzo ni mambo yanayoonekana kila siku katika vijiwe vya Dar es Salaam, na yote matatu huifanya kofia nzuri iwe sawa na kofia mbovu.

Povu hubonyea mara moja tu. Kofia iliyopigwa kwenye ajali inapaswa kubadilishwa hata kama gamba halina ufa, na hata isiyowahi kugongwa inafaa kubadilishwa baada ya miaka mitano hivi ya matumizi, mapema zaidi ikiwa inaanikwa juani kila siku juu ya tenki. Usiisafishe kwa petroli wala tina. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini yanatosha. Wanaopenda kuipaka kofia rangi za Simba au Yanga wafahamu kwamba rangi nyingi za kupuliza zina viyeyusho vinavyodhoofisha plastiki kimyakimya. Kwa sababu hizohizo sishauri kabisa kununua kofia ya mtumba: huwezi kujua imeangukiwa na nini, imekaa juani muda gani, wala imesafishwa kwa kitu gani.

Kioo cha mbele nacho kina umuhimu wake. Kofia inayofunika uso mzima hukinga taya na macho, na kwa anayepita barabara za vumbi au anayeendesha usiku penye wadudu ni bora kuliko ile ya wazi. Kioo kilichochakaa kwa mikwaruzo hutawanya mwanga wa gari linalokuja, na dereva akaona ukungu mweupe badala ya barabara. Kibadilishe, kwani kwa kofia nyingi kinauzwa peke yake. Kioo cheusi kiishie mchana.

Mwili mzima chini ya kofia

Anayeanguka hutanguliza mikono bila kufikiri, na ndiyo maana glovu zimekuja mapema katika mpangilio wangu. Chagua zenye ngozi au kitambaa kizito kwenye kiganja na mkanda wa kufunga kifundoni, ili zisivuke wakati wa kuburuzika. Miguu nayo iko katika hatari ya pekee, kwa kuwa bampa la gari likigonga pikipiki ubavuni hukutana moja kwa moja na muundi, na kuvunjika mifupa ya miguu ni miongoni mwa majeraha ya kawaida kabisa kwa waendesha pikipiki. Buti haliwezi kuuzuia mfupa usivunjike kila mara, lakini buti gumu linalopanda juu ya kifundo huokoa vidole, kisigino na ngozi. Kandambili hazikubaliki hata kwa safari ya kwenda dukani mtaa wa pili.

Hapa ndipo mitumba inaposaidia kweli. Koti la ngozi nzito, buti za kazi na suruali za turubai hupatikana katika soko la Karume jijini Dar es Salaam kwa bei ambayo dereva wa kawaida anaimudu, na ngozi iliyovaliwa na mtu mwingine haipotezi uwezo wake wa kuhimili msuguano kama povu linavyopoteza uwezo wa kubonyea. Joto la Pwani ni kisingizio chenye ukweli ndani yake, na jibu lake ni koti la kitambaa cha wavu lenye kinga ngumu mabegani, viwikoni na mgongoni, ambalo hupitisha upepo. Jinzi ya kawaida hutoboka upesi sana juu ya lami, kwa hiyo kinga za magoti zivaliwe juu yake. Juu ya yote hayo vaa kizibao chenye kuakisi mwanga, kiwe safi, maana kikijaa vumbi na oili hakiakisi chochote. Washa taa ya mbele hata mchana.

Breki

Madereva wengi waliojifunzia mtaani huiogopa breki ya mbele kwa kuamini kwamba itawapindua, wakategemea ya mguu peke yake. Imani hiyo imewagharimu wengi. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia gurudumu la mbele, na hapo ndipo tairi hushika barabara zaidi. La nyuma huwa jepesi na hufunga upesi likaanza kuteleza. Breki ya mbele ndiyo yenye sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha. Kinachompindua dereva au kumwangusha ni kuinyakua ghafla, kuibana huku pikipiki imelala kwenye kona, au kuibana juu ya mchanga. Tafuta uwanja mtupu wenye ardhi ngumu, anza kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kisha 30, ukibana breki ya mbele taratibu na kuongeza nguvu kadiri uzito unavyohamia mbele, huku ya nyuma ukiikanyaga kwa wepesi na pikipiki ikiwa imenyooka. Rudia mpaka vidole vifanye hivyo bila kuamriwa.

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki hupita karibu mita 17 katika sekunde moja, ambayo dereva huweza kuimaliza akiwa bado anatambua kwamba mbele kuna hatari. Kisha breki zinapoanza kushika, umbali wa kusimama huwa zaidi ya mara mbili ya ule wa kilomita 40, kwa sababu nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Kikomo cha kilomita 50 ndani ya miji kinaanza kueleweka ukikipima kwa mita namna hii.

Breki haziwezi kutegemewa ikiwa pikipiki haikukaguliwa. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, pima upepo wa tairi zikiwa baridi, bonyeza breki zote mbili, tikisa cheni uone kama haijalegea kupita kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, kisha jaribu taa ya breki na indiketa. Tairi iliyobaki kipara haipaswi kungoja itimie hesabu ya tajiri, yaani fedha anayopelekewa mwenye pikipiki.

Barabarani

Hatari kubwa ya mjini ni gari lisilokuona. Usikae ubavuni mwa lori au basi. Ikiwa huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, chukulia kwamba naye hakuoni. Usipite kushoto kwa daladala iliyosimama, kwani abiria hushuka upande huo bila kutazama. Kuingia katika njia ya mabasi ya mwendokasi ni kosa, na basi linalokuja pale haliwezi kukukwepa. Mvua inapoanza kunyesha, dakika za mwanzo ndizo zenye utelezi zaidi, kwa sababu maji huchanganyika na oili na vumbi; jihadhari pia na mistari ya rangi. Reli ivuke kwa pembe mraba, la sivyo tairi litateleza juu ya chuma.

Uchovu hauonekani kama pombe, lakini dereva anayeongeza safari za usiku wa manane ili kufikisha hesabu anaendesha huku macho yamefunguka na akili imelala.

Abiria

Sheria ya Tanzania inawataka dereva na abiria wote wavae kofia ngumu, ila abiria wengi huikataa ile ya bodaboda kwa sababu ya jasho na harufu, na sioni kosa lao. Anika sponji yake, ioshe mara kwa mara, weka kofia nyepesi za kitambaa za kuvaa ndani, na abiria wa kila siku mshauri anunue ya kwake. Mwenye msuko wa juu hataweza kuivaa ikakaa sawa, hivyo ni bora asuke mstari wa chini.

Mpandishe abiria mmoja tu. Mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, huongeza uzito nyuma, hulipunguzia gurudumu la mbele mshiko, na hivyo huidhoofisha breki ileile uliyojifunza kuitumia. Mtoto asiketishwe juu ya tenki, kwani pikipiki ikigonga kitu yeye ndiye wa kwanza kukutana nacho. Abiria apande kwa upande wa kushoto, kwa kuwa pikipiki nyingi zina bomba la moshi kulia na kuungua muundi ni jambo la dakika. Huko Kongo, Rwanda na Burundi, ambako magari hupita kulia, upande huo ndio wa barabarani, basi dereva asimame mbali na magari kwanza. Kabla ya kuondoka, hakikisha kanga, mtandio au baibui havining'inii karibu na cheni wala rimu.

Baada ya kuanguka

Ukimkuta aliyeanguka, kwanza zuia magari yasimfuate alipolala, kisha piga 112. Usimvue kofia isipokuwa hapumui au anasongwa na matapishi, kwa maana shingo iliyovunjika huharibika zaidi ikivutwa. Fungua kioo tu ili apate hewa. Damu inayotoka kwa wingi ikandamize kwa kitambaa safi bila kuachia. Usimkalishe, usimnyweshe maji, wala usimpakie katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Na kofia iliyopigwa, hata kama mwenyewe amesimama na kupangusa vumbi, ikatwe mkanda kwa kisu kabla ya kutupwa, ili isije ikaokotwa, ikasafishwa na kuuzwa tena.