Ukitaka kuongea siasa na mzee wa Panpaper, usianze na chama

Hii ni ya wale mnaenda Webuye, kwenye kile kiwanda cha karatasi cha Panpaper, kuuliza watu maswali, ama wewe unataka u-MCA, kuwakilisha wadi, na hujui mbona wazee wanakuitikia tu "sawa sawa". Mimi nilianza vibaya, nilimuuliza mzee yuko mrengo gani akaniambia kijana, hiyo kaulize vijana wenzako.

Muulize alikuwa sekisheni gani. Hapo anavuta kiti. Boila, stoo, shifti ya usiku, na uskize vizuri ju hatasema alikuwa, atasema "mimi ni mtu wa boila", na kiwanda kilisimama 2009! Hiyo "ni" ndio unatafuta. Akifika kwa ile harufu ya mayai viza na mabati yaliyoliwa na kutu mtaa mzima, usishangae akisema afadhali irudi. Walilalamika nayo miaka na miaka lakini ilikuwa inanuka mshahara.

Tarehe uwe nazo kwa kichwa. Kiliuzwa kwa kampuni ya Rai 2016, lakini ukimwambia "si kilifunguliwa" utaulizwa wangapi wa zamani walirudishwa, na kampeni ngapi kimefunguliwa kwa mdomo.

Mumias, kwa kiwanda cha sukari, ni maneno ingine, huko uliza kwanza: ulikuwa unasaga ama unapeleka miwa? Wa kusaga anadai mshahara wa nyuma, wa shamba anakumbuka miwa ilivyomkaukia akingoja trekta, na kuna wale walinunua hisa kampuni ikiingia soko la hisa 2001, kisha 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yule msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni. Hasira tatu hizo, usizichanganye.

Na please, usiende na ile stori ya Marekani 2016, eti Michigan na Pennsylvania viwanda vilifungwa ndio watu wakahamia Trump. Hata huko watu bado wanabishana kama ilikuwa viwanda tu. Hapa mzee anaweza kuwa na uchungu wa mfanyakazi kabisa na bado apige kura na watu wa kwao, na haoni shida, ukimwambia anajipinga mmemalizana.

Chai ukinunua nunua na ya jirani, ju ataitwa kushuhudia. Mzee wangu wa boila siku ya pili alinitolea kadi ya kazi, plastiki imegeuka njano, akasema shika lakini usikunje. Nikafunga daftari kwanza.