Dar kwa mara ya kwanza: anza Feri, tembea kwa miguu

Naishi Kigamboni na kazi yangu iko mjini, kwa hiyo pantoni, kivuko cha kuvusha watu mdomo wa bandari, ni maisha yangu. Ndugu wanaonitembelea hutoka Njombe na Songea, na karibu wote hushuka na hamu ileile: Mlimani City, Kariakoo, bahari. Mimi huwaambia Mlimani City ingoje. Kama una siku moja tu ya kulitazama jiji, itumie kati ya Feri, pale pantoni inapotia nanga upande wa mjini, na Makumbusho ya Taifa, asubuhi, kwa miguu. Kipande chenyewe ni kifupi, na karibu kila zama ya mji huu imeacha kitu pale.

Toka mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe tayari njiani, maana ikifika saa tano jua la Dar halina huruma, hasa Januari na Februari. Juni hadi Agosti kuna nafuu. Masika, yaani Machi hadi Mei, Jangwani hujaa maji na mabasi ya mwendokasi yanaweza kusimama, hivyo sikiliza hali ya mvua kabla ya kutoka.

Ukitokea upande wa Kimara au Magomeni, panda mwendokasi ya Kivukoni. Soma kibao cha mbele, kwa sababu nyingine huenda Gerezani; ukiona imekata kona Faya na kuingia Msimbazi, umepanda hiyo. Teremka kituo cha mwisho. Harufu ya samaki itakuonyesha soko lilipo.

Soko la samaki la Feri liingie umevaa viatu vya kufunika vidole, sakafu ni maji ya samaki tupu. Simama pembeni ya mnada na utazame tu. Samaki hutandazwa mafungu mafungu, changu, kolekole, vibua, pweza, na mnadi hutaja bei kwa kasi ambayo mgeni haishiki. Wanunuzi hawapigi kelele; mwingine huinua kidevu tu na fungu limekuwa lake. Usisimame kati ya mnadi na wateja wake, na usipige picha ya mtu kabla hujamwomba. Nyuma ya mnada wako wanaokaanga. Chagua samaki wako mbichi, kaangiwa, ule hapohapo. Kwangu mimi hicho ndicho kifungua kinywa cha kwanza mgeni anachopaswa kula Dar.

Kisha vuka maji kwa pantoni hadi Kigamboni. Nauli ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200. Asubuhi umati wote unatoka Kigamboni kuja mjini, wewe unakwenda kinyume nao, kwa hiyo utapata nafasi ya kusimama ubavuni bila kusukumwa. Ni dakika chache tu, lakini tazama pande zote mbili: kushoto mdomo wa bandari, mwembamba kiasi kwamba meli ya makontena ikipita unahisi ungeweza kuigusa, kulia maghorofa ya mjini na minara ya makanisa. Hakuna sehemu nyingine unayoliona jiji lote namna hii kwa bei hiyo. Geuza na pantoni inayofuata. Ila mfuko ushike mbele wakati wa kushuka, watu husukumana. Na kamera iweke ndani ukiwa karibu na Ikulu ya Magogoni na maeneo ya bandari. Picha za sehemu za serikali zitakuletea maswali na askari.

Kutoka Feri fuata barabara ya Kivukoni, bahari ikiwa kushoto kwako. Utafika Kanisa la Azania Front la Walutheri, kuta nyeupe na paa la vigae vyekundu, halafu mbele kidogo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lenye mnara uliochongoka. Yote mawili yalijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ukisogea zaidi unaikuta Boma la Kale, ambayo ni kongwe kuliko makanisa hayo: ni ya miaka ya 1860, Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuujenga mji huu. Mkabala na hapo ndipo boti za Zanzibar zinapoondokea. Vijana watakufuata na tiketi mkononi. Washukuru, endelea kutembea, na kama unasafiri kanunue dirishani mwenyewe.

Rudi hadi mtaa wa Azikiwe, panda mpaka Samora. Pale kwenye mzunguko amesimama Askari wa shaba, bunduki imeelekezwa bandarini. Watu wa Dar tunampita kila siku bila kumtazama, na hilo huniuma. Sanamu hii iliwekwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Subiri magari yapungue, uvuke, usome maandishi yake. Wapagazi nao wametajwa, wale waliobeba mizigo ya jeshi na kufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Kambi yao ilikuwa pale ilipo Kariakoo ya leo. Ukilijua hilo kabla ya kwenda Kariakoo, utaitembea kwa moyo mwingine.

Fuata Samora kuelekea mashariki, chini ya miti ya Bustani ya Mimea, hadi mtaa wa Shaaban Robert. Makumbusho ya Taifa yapo hapo. Beba kitambulisho, raia analipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Nenda kwanza kwenye habari za Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959, kisha kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 7, 1998. Onyo moja: usimwambie dereva wa bajaji au konda "Makumbusho" na kunyamaza. Utapelekwa stendi ya Makumbusho, Kijitonyama, mbali kabisa na hapa. Sema "Makumbusho ya Taifa, Posta". Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili ndicho kiko kule Kijitonyama, nacho kinafaa siku nyingine.

Kariakoo ipe asubuhi yake, siku ya kazi, bila begi la mgongoni. Nguo mtaa wa Kongo, simu mtaa wa Aggrey. Bei ya kwanza si bei. Uliza maduka matatu kabla ya kufungua pochi. Ukisikia "njia, njia!" nyuma yako, ruka pembeni, mkokoteni hausimami.

Ukirudi kwa mwendokasi, teremka Magomeni uulizie nyumba ya Mwalimu Nyerere, mtaa wa Ifunda. Ni nyumba ndogo ya kawaida aliyoishi na familia yake wakati wa kudai uhuru. Wageni wangu wengi hunyamaza wakiingia mle.

Bahari? Coco Beach ni ya jioni, mihogo ya kukaanga, kachumbari na pilipili. Jumapili hujaa sana. Kwa kuogelea napendelea Bongoyo, boti zinatoka Slipway, Msasani, au Mbudya ukitokea Kunduchi. Visiwa hivi ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo kiingilio ni mbali na nauli ya boti: uliza vyote viwili kabla hujalipa, na nahodha akuambie boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi.